Bima ya matibabu ya kikundi kwa kliniki ndogo ya meno: je, watu wanane wanatosha?

Meno_Bamburi aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Ninamiliki kliniki ya meno yenye viti viwili vya matibabu huku Bamburi, Mombasa, na ninaomba ushauri wa watu wanaoifahamu bima ya matibabu ya kikundi, ama kwa kuwa wamewanunulia wafanyakazi wao au kwa kuwa ndiyo kazi yao ya kila siku.

Kwenye orodha ya mishahara tuko wanane, nikijihesabu mimi: daktari mwenzangu niliyemwajiri, afisa wa afya ya kinywa, wasaidizi watatu, dada wa mapokezi ambaye ndiye pia anayefuatilia madai ya bima za wagonjwa, na mzee mmoja anayefanya usafi na kutumwa mjini. Wapo pia madaktari bingwa wawili, wa kunyoosha meno na wa upasuaji wa kinywa, wanaokuja siku maalumu za juma na kulipwa asilimia ya kazi wanayoifanya. Biashara imesajiliwa kwa jina langu, si kampuni.

Wote wamesajiliwa SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayoendesha bima ya afya ya serikali, na makato ya asilimia 2.75 ya mshahara hupelekwa kila mwezi. Kilichonisukuma kutafuta bima ya binafsi juu ya hiyo ni kwamba msaidizi wangu mzoefu kuliko wote aliniaga akaenda kliniki kubwa zaidi, ambako mshahara haupishani sana na wangu lakini kuna kadi ya hospitali inayomhudumia yeye na watoto wake. Nimekwisha kumpata wa kushika nafasi yake, lakini kumfundisha msaidizi mpya hadi ajue ni kifaa gani daktari atakachokitaka kabla hajakiomba si kazi ya wiki moja, na sitaki kumpoteza mwingine kwa sababu hiyo hiyo.

Nimepokea makadirio ya bei kutoka kampuni tatu za bima, na yamepishana kiasi cha kunitia shaka kama yanahusu kitu kimoja. La kwanza ni la kulazwa pekee. La pili linachanganya kulazwa, huduma za wagonjwa wa nje, uzazi, meno na macho. La tatu lina kila kitu lakini kwa vikomo, yaani viwango vya juu vya malipo, vidogo vidogo. Ninachotaka kujua ni kama watu wanane wanahesabiwa kuwa kikundi, kama ni busara kulipia huduma za wagonjwa wa nje au kuanza na kulazwa tu, na kama kuna maana yoyote kwa kliniki ya meno kuwalipia wafanyakazi wake bima ya meno. Mke wangu, ambaye ndiye mshika fedha, ana swali lake: kwa nini tusiwaongezee tu fedha kwenye mshahara, kila mtu akajinunulia anachokitaka?

Broka_Kizingo alijibu:

Daktari, nimefanya kazi ya ubroka wa bima hapa Mombasa kwa muda mrefu, kwa hiyo yapime maneno yangu ukijua kwamba watu wa kazi yangu hulipwa kamisheni na kampuni ya bima kutoka katika ada unayoitoa wewe.

Watu wanane wanatosha. Kampuni nyingi zina mpango wa biashara ndogo, na idadi ya chini inayokubalika hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Kinachokutofautisha na kiwanda chenye watu mia tatu ni jinsi mtakavyopimwa. Kikundi kikubwa aghalabu hupokelewa kwa jumla, bila kuulizwa nani anaumwa nini. Katika kikundi kidogo kila mmoja hujaza fomu ya hali ya afya, na maradhi yaliyokuwapo kabla huwekewa muda wa kusubiri, ambao bima bado hailipi, au kikomo chake chenyewe. Ndiyo maana kampuni itakutaka uwaandikishe wafanyakazi wote wa kudumu, si wale wanaopenda tu. Ukiwaachia wachague, watakaojitokeza mbio ni wanaotarajia kujifungua na wenye maradhi ya muda mrefu, na kampuni inalijua hilo kabla hujalifikiria.

Kuhusu makadirio hayo matatu, yaweke yote kando. Andika ukurasa mmoja unaoeleza unachokitaka, uwapelekee wote watatu, waweke bei juu ya kitu kile kile. Eleza umri wa kila mfanyakazi na wa wategemezi wake bila kutaja majina, kikomo cha kulazwa, iwapo kikomo hicho ni cha kila mtu au cha familia nzima kwa pamoja, aina ya chumba, na hospitali ambazo hamwezi kuzikosa. Hapo kwenye kikomo cha familia ndipo wengi wanapopotea: shilingi milioni 1 inayogawanywa na watu watano wa nyumba moja si sawa na milioni 1 ya kila mmoja wao, ingawa kwenye jedwali la bei hutaona tofauti usipoitafuta kwenye maandishi madogo ya chini.

Suala la hospitali nalo usilichukulie kwa wepesi. Wafanyakazi wa Bamburi hawakai wote Bamburi. Wengine watakuwa wanatoka Kisauni, Mtwapa, hata Likoni ng'ambo ya feri. Kadi inayokubaliwa katika hospitali kubwa za kisiwani kama Aga Khan, Pandya na Mombasa Hospital, lakini haina kituo hata kimoja karibu na nyumbani kwa msaidizi wako, haitamfaa mtoto wake akipandwa na homa saa nne usiku. Omba orodha kamili ya vituo vya kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale, kisha mpe dada wa mapokezi aipigie simu nusu yake. Yeye ndiye anayejua jinsi ya kumuuliza mwenzake wa upande wa pili kama kadi hiyo wanaipokea kweli au iko kwenye karatasi tu.

Baada ya hapo soma vikomo vya ndani, yaani vya huduma moja moja, hasa cha uzazi, kwa kuwa wasaidizi wako huenda ni vijana. SHA hulipa shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa kujifungua kwa upasuaji, na bili ya upasuaji katika hospitali ya binafsi huzidi kiasi hicho mara kadhaa. Tofauti hiyo ndiyo bima yako inayotakiwa kuibeba, kwa hiyo uliza kikomo cha upasuaji ni kipi na muda wa kusubiri ni wa miezi mingapi. Kwa vikundi vidogo si ajabu ukakaribia mwaka mzima. Uliza pia kuhusu mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati: je, gharama zake huingia katika kikomo cha uzazi cha mama au katika kikomo cha kulazwa? Jibu la swali hilo moja linaweza kuwa na uzito kuliko punguzo lolote la bei utakaloahidiwa.

Bima ya binafsi haiondoi wajibu wa SHA, na mikataba mingi huhesabu kwanza sehemu ya SHA ndipo kampuni ilipe iliyobaki. Mfanyakazi ambaye michango yake haijafika ataombwa sehemu hiyo mfukoni mwake, hata akiwa na kadi nzuri namna gani.

Ada hulipwa kabla ya bima kuanza. Kama kuitoa kwa mkupuo ni mzigo, benki kadhaa hukopesha ada ya bima na kukatwa kwa miezi, ila piga hesabu ya riba kwanza. Juu ya ada utaona tozo ndogo: asilimia 0.2 ya mafunzo ya bima, asilimia 0.25 ya hazina ya kuwafidia wenye bima, na shilingi 40 za stempu. Ukiona jingine zaidi ya hayo, omba maelezo kwa maandishi.

La mwisho, na ndilo ninalotamani kila mwenye biashara ndogo aliulize siku ya kwanza: mwaka wa pili ada itapangwaje? Tuseme kikundi chako kinalipa jumla ya shilingi 480,000, na mfanyakazi mmoja akalazwa kwa bili ya 600,000. Mtu mmoja amekwisha kula asilimia 125 ya ada ya wote. Kampuni inayokutazama peke yako itakupandishia ada kwa kiasi cha kukufukuza. Inayokuweka katika kapu moja na biashara nyingine ndogo itapandisha kwa wote kidogo kidogo. Mwaka wa kwanza huwa wa bei ya kukaribishia wageni, kwa hiyo usivutwe na aliye chini kuliko wote. Isitoshe, bei ndogo mno ina hatari yake hata kwa kampuni yenyewe. Resolution Insurance, iliyokuwa na jina kubwa katika bima ya matibabu, iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwezi Aprili 2022, na waliokuwa na kadi zake ilibidi watafute pengine pa kwenda.

Hesabu_Tudor alijibu:

Nitalijibu swali la mshika fedha, kwa sababu ni swali zuri na jibu lake liko kwenye hesabu.

Chukua mfanyakazi anayelipwa shilingi 40,000 kwa mwezi, kisha mwongezee posho ya matibabu ya 3,000 taslimu. Posho hiyo ni sehemu ya mshahara. SHA itachukua asilimia 2.75, yaani shilingi 82.50, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 45. NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 6, yaani 180. Na kilichobaki kitatozwa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ya asilimia 30, kwa kuwa mapato yake ya juu yamekwisha kuvuka ngazi ya shilingi 32,333, nayo ni takriban 808. Mkononi atabaki na takriban shilingi 1,885. Wewe mwajiri nawe utakuwa umelipa 45 za ushuru wa nyumba na 180 za NSSF juu ya zile 3,000. Fedha za NSSF ni akiba yake, sikatai, lakini hawezi kuzipeleka hospitali.

Zile 3,000 zikienda moja kwa moja kwa kampuni ya bima, Sheria ya Kodi ya Mapato haiihesabu ada hiyo kuwa mapato ya mfanyakazi wa kudumu, na kwako inaingia katika gharama za biashara. Ni kweli kwamba mtu anayejinunulia bima mwenyewe hupata nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya ada, isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Lakini anainunua kwa fedha iliyokwisha kukatwa, na kwa bei ya mtu binafsi. Hapo bado sijagusa kwamba shilingi 1,885 zilizo mkononi zitakwenda kwenye karo kabla hazijaona mlango wa wakala wa bima, na sitamlaumu mtu kwa hilo.

Sasa wewe mwenyewe, Daktari. Umejihesabu kuwa mmoja wa wanane, lakini kwa kuwa biashara ni yako na si kampuni, wewe huna mwajiri. Unaweza kuwemo katika kadi za kikundi, kampuni za bima hukubali hilo, ila kwa upande wa kodi nafuu ya mwenye biashara na ya mbia ina kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mwaka, na ni vyema ada yako iandikwe kando katika vitabu isichanganywe na ya wafanyakazi. Madaktari bingwa wanaolipwa asilimia si waajiriwa. Usiwaingize kwa ajili ya kuongeza idadi, kwa sababu ukiwaita wafanyakazi mbele ya kampuni ya bima na kuwaita wakandarasi mbele ya KRA, mamlaka ya kodi, ipo siku karatasi hizo mbili zitakutana.

Mambo mawili ya sheria ya kazi nayapitia haraka. Ikiwa wafanyakazi watachangia sehemu ya ada, mathalani kwa ajili ya wategemezi, pata kibali cha maandishi cha kila mmoja kabla ya kukata, na uangalie kwamba jumla ya makato yote haizidi theluthi mbili ya mshahara. Pili, angalia unavyoiandika bima hiyo katika barua ya ajira. Ukiandika kwamba mfanyakazi "atapewa bima ya kulazwa ya shilingi milioni 1 katika kampuni fulani", umeifanya kuwa sehemu ya mkataba, na huwezi kuibadilisha mwaka unaofuata bila kushauriana naye na kumjulisha kwa maandishi. Andika kwamba kliniki itatoa bima ya matibabu kwa masharti ya mkataba wa bima unaotumika kwa mwaka husika. Michango ya SHA iendelee kufika kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa sababu alizozieleza Broka hapo juu.

Msaidizi_Kisauni alijibu:

Shikamoo Daktari. Mimi ni msaidizi katika kliniki ya meno, si katika yako, na naomba nizungumze kwa niaba ya watakaoshika hizo kadi.

Ukituuliza tunachokitumia, ni huduma za wagonjwa wa nje. Mtoto anakohoa, mtoto ana vipele, mtoto ameanguka shuleni. Lakini ukituuliza kinachotunyima usingizi, ni kulazwa. Elfu mbili ya daktari na dawa nitaikopa kwa jirani na nitairudisha mwisho wa mwezi, ilhali laki tatu sina wa kumkopa, na ndipo huundwa kundi la WhatsApp la harambee na kila aliyewahi kunijua anatumiwa namba ya M-Pesa. Kwa hiyo ikiwa fedha hazitoshi vyote viwili, ningechagua bima ya kulazwa inayomshika mume wangu na watoto kuliko kadi ya kila kitu yenye jina langu peke yangu. Kadi ya mama pekee haimsaidii mama, kwa kuwa wanaougua nyumbani ni watoto.

La pili ni kuhusu vyeo. Katika kliniki niliyokuwa zamani, madaktari walikuwa na chumba cha peke yao na sisi wodi ya jumla, na hilo hatukulilalamikia. Tulilolilalamikia ni kwamba hospitali zenyewe zilikuwa tofauti, na tuliligundua tukiwa kwenye dirisha la mapokezi tumeshika kadi. Tuelezeni mapema, kwa Kiswahili, kadi inafanya nini na haifanyi nini. Karatasi moja yatosha.

Meneja_Nakuru alijibu:

Ninasimamia kliniki ya meno yenye watu kumi na mmoja, na nitajikita katika yale yanayotuhusu sisi wa meno, kwa sababu ushauri wa jumla umekwisha kutolewa vizuri.

Bima ya meno usiinunue. Jino la mfanyakazi litazibwa kitini kwako baada ya saa za kazi kwa gharama ya vifaa tu, na kwa mtoto wake weka utaratibu wa bei ya nusu au bure mara moja kwa mwaka, upendavyo. Ila ulizia jambo moja: upasuaji wa kinywa unaohitaji kulazwa, kama vile taya lililovunjika katika ajali, uko chini ya kikomo cha kulazwa au umetolewa nje pamoja na meno? Nimeona mikataba iliyoandikwa kwa namna zote mbili. Bima ya macho nayo ni ghali ukilinganisha na miwani yenyewe, hasa pale kikomo kinapokaribia kulingana na ada.

Kama ukiamua kuinunua ya meno hata hivyo, basi kataza kwa maandishi mfanyakazi kutibiwa kwenu na dai lake kupelekwa kwa kampuni ya bima. Kliniki zetu ni watoa huduma wa kampuni hizo hizo, na dai linalotoka kwa mwajiri kwa ajili ya mwajiriwa wake hutiliwa shaka hata likiwa la kweli. Mikataba mingine ya watoa huduma hulikataza waziwazi. Uchunguzi wa udanganyifu ukianza hauishii kwenye jino hilo moja. Malipo ya wagonjwa wako wote wa kampuni hiyo yanaweza kuzuiwa mpaka umalizike, na unajua mwenyewe ni sehemu gani ya mapato ya mwezi hutoka huko.

Jambo ambalo sijaona likitajwa ni sindano. Msaidizi akichomwa na sindano ya ganzi au na kifaa wakati wa kukiosha, hiyo ni ajali ya kazini, na mahali pake ni bima ya WIBA, yaani ya fidia kwa wanaoumia kazini, inayotakiwa na sheria ya mwaka 2007, wala si bima ya matibabu. Usikubali mtu akuambie kwamba moja inatosha badala ya nyingine. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, na si baada ya saa 72, kwa hiyo watu wako wajue leo ni kituo gani watakachokimbilia, hata Jumamosi jioni. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi tatu kwa miezi sita, wapatie kwa gharama ya kliniki bila kungoja bima, maana mikataba mingi hailipi chanjo za watu wazima. Hapa kwetu hakuna anayegusa trei ya vifaa vilivyotumika kabla ya kuanza chanjo hiyo, na huo ni ulinzi kuliko kadi yoyote.

Kuhusu wagonjwa wa nje, hiki ndicho tunachokifanya. Tulinunua bima ya kulazwa kwa wafanyakazi na familia zao, kisha tukafanya mapatano na kituo kimoja cha afya cha jirani: mfanyakazi au mtegemezi wake akienda na barua, anatibiwa, na sisi tunalipa bili mwisho wa mwezi hadi kikomo cha mwaka cha kila familia. Fedha isiyotumika inabaki kwetu badala ya kwenda kwa kampuni. Huduma za wagonjwa wa nje hutumiwa mara kwa mara na kwa viwango vinavyotabirika, kwa hiyo ukimpa mtu mwingine akubebee, atakubebea kwa gharama ile ile na kuongeza yake. Sharti moja tu: bili inayokuja kwako ioneshe namba ya barua na kiasi, isioneshe ugonjwa. Mwajiri hana haja ya kujua kwamba msaidizi wake alipimwa mimba.

Broka_Kizingo alijibu:

Meneja, ninakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ingawa unanikosesha kamisheni. Tahadhari yangu ni kwamba mpango huo hushikilia mahali ambapo mtu wa kuusimamia yupo. Barua huhitaji mtu wa kuziandika hata mwenye kliniki akiwa safarini, na kituo kimoja cha jirani hakimsaidii anayeishi Likoni. Kwa Mombasa ningetafuta viwili, kimoja upande wa kaskazini na kimoja ng'ambo ya pili.

Meno_Bamburi aliandika tena:

Ninawashukuru nyote, marahaba, Msaidizi, na karatasi hiyo ya Kiswahili nitaiandika mwenyewe. Nimeketi na mke wangu tukaipitia hesabu ya posho mstari kwa mstari, na swali lake limekwisha.

Tunaelekea kwenye bima ya kulazwa kwa wafanyakazi wote saba na familia zao, pamoja na uzazi, kikomo kikiwa cha familia lakini kikubwa kidogo, hospitali ziwe zile zile kwa kila mtu, na mimi nikiwa ndani ya kadi hizo ila ada yangu ikiandikwa kando. Meno na macho tunayaacha. Wagonjwa wa nje tutaanza kwa mapatano na vituo viwili, na dada wa mapokezi ndiye atakayeshika kitabu cha barua.

Limebaki jambo moja linalonitatiza. Mzee wetu wa usafi ana umri wa miaka 62, na ninajua kwamba ana kisukari na shinikizo la damu kwa kuwa mara mbili tumempima hapa kliniki. Kijana mmoja wa kampuni ya bima amenidokeza kwamba fomu yake ikijazwa "hana ugonjwa wowote" bei ya kikundi itashuka. Nilishangaa kuambiwa hivyo na mtu wa kazi hiyo. Je, kumweka mzee huyu kunaweza kufanya kikundi kizima kikataliwe?

Broka_Kizingo alijibu:

Huyo kijana anakuuzia kadi isiyo na thamani. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa anayejaza fomu, na dai la kwanza la mzee huyo likihusu figo au moyo, kampuni itaomba rekodi zake za zamani, itaona kisukari, na italikataa. Ada mtakuwa mmelipa, na bili itakuwa yenu. Anayekushauri hivyo mdomoni hatakuwa tayari kuliandika. Mwombe aliandike uone.

Kwa umri wake sitarajii shida kubwa, kwa kuwa kampuni nyingi hupokea wanachama wapya hadi miaka 60 na kitu, wengi wakiweka mpaka kwenye 65, lakini uliza pia ukomo wa umri wa kuendelea ni upi ili asije akatolewa baada ya miaka michache. Kisukari na shinikizo la damu havifanyi kikundi kikataliwe. Matokeo ya kawaida ni nyongeza ya ada upande wake, au muda wa kusubiri kwa maradhi hayo mawili, au kikomo kidogo cha maradhi ya kudumu. Bishania hilo la tatu, kwa sababu ndilo linaloachia nafasi ya mazungumzo. Kumwacha nje ilhali wenzake wote wamo nakushauri usikufikirie kabisa. Mbali na sheria ya kazi inayokataza ubaguzi, kampuni yenyewe ilikutaka uwaandikishe wote.

Fomu yake, na za wengine wote, zisipitie mezani kwako. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wewe kama mwajiri huzihitaji ili kununua bima. Kila mmoja ajaze yake, aitie kwenye bahasha, aifunge, na bahasha ziende kwa broka au kampuni moja kwa moja. Kwa mzee, kama hasomi vizuri, mwache aende na mwanawe ofisini kwa broka ajaziwe huko.

Na ombeni mkataba uanze tarehe 1 ya mwezi, si katikati. Mfanyakazi akiondoka au akiongezeka kabla ya mwaka kwisha, hesabu ya kurudishiwa au kuongeza ada kwa miezi iliyosalia itakuwa nyepesi, na jina la aliyeondoka lipelekwe kwa kampuni siku ile ile anapokabidhi kadi.